Jiwe la Kiluwa

Ngurumbi ni nchi nzuri. Haimo katika ramani, lakini hilo si kosa lake. Ramani zilichorwa na watu waliokuwa na haraka. Ina mlima mmoja, benki moja na kiongozi mmoja, na katika hivyo vitatu ni mlima tu uliowahi kupungua. Kwa nini ulipungua, tutafika huko.

Kiongozi wa Ngurumbi aliitwa Mtukufu. Asubuhi moja aliamka akaona aibu kubwa: nchi huru inaandika kwa herufi za kuazima, kama mtu aendaye harusini kwa viatu vya jirani! Akajifungia chumbani na kalamu, karatasi na sinia la biriani. Alipotoka, sinia lilikuwa tupu na karatasi ilikuwa imejaa. Humo mlikuwa na herufi kama unyayo wa kuku, herufi kama chungu kilichofunikwa kawa, herufi kama mbuzi anayeumwa tumbo, na moja yenye midomo, nayo ilikuwa inacheka.

Mawaziri wakaizunguka karatasi. Kisha Waziri wa Maandiko, Mheshimiwa Dokta Magimbi, akatoa leso akajifuta machozi.

"Nimeyasoma, Mtukufu," akasema. "Nimeyasoma yote, na yamenichoma hapa." Akajigonga kifua.

Baada yake kila waziri alisoma, na kila waziri alichomwa. Waziri wa Kilimo alichomwa sana mpaka akaomba maji ya kunywa.

Herufi ipi inatoa sauti gani, Mtukufu hakusema. Pengine alisahau, pengine hakufikiria. Mkubwa wa kiasi kile haulizwi vitu vidogo vidogo.

Ikapitishwa sheria kwamba mambo mazito ya nchi yachongwe kwenye mawe kwa herufi za taifa, kwa kuwa karatasi huliwa na mchwa. Ndipo mlima ulipoanza kupungua. Mtu akipewa cheo, jiwe la cheo chake husimamishwa mbele ya nyumba yake. Akifungwa, jiwe la hukumu yake husimamishwa nje ya lango la gereza, na atatoka siku yatakapotimia yaliyoandikwa humo. Mawe yote yalichongwa kwenye karakana moja, na vijana wa karakana ile walichonga kwa bidii sana, kila mmoja kadiri patasi yake ilivyompeleka.

Siku ya kuzizindua herufi, uwanja ulijaa. Karatasi ilikuwa imechorwa upya kwenye kitambaa kikubwa kama shuka la tembo. Wananchi walipiga makofi, wakalia, wakachomwa. Katikati yao alikuwamo Kiluwa, fundi baiskeli, mtu asiye na baya na mtu. Ubaya wake ulikuwa mmoja: baiskeli ikiletwa kwake, lazima aulize imeanza lini kupiga kelele. Mazoea yana taabu. Kiluwa akanyoosha mkono.

"Shikamoo, Mtukufu," akasema. "Samahani, hiyo yenye midomo, inaitwaje?"

Wanaosimulia wanasema hata bendera iliacha kupepea.

Hakimu alimaliza kesi kabla chai haijapoa. "Hukumu yako imo jiweni," akamwambia Kiluwa. "Anayetaka kuijua, na asome." Akaenda kunywa chai.

*

Mke wa Kiluwa aliitwa Mashavu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mfuma mikeka, na mfuma mikeka huwa na macho ya subira: akikosea ukili mmoja mwanzoni, mkeka wote unakwenda upande. Alifika gerezani na chakula, akaliona jiwe la mumewe limesimama mstarini pamoja na mengine, kama kaburi la mtu aliye hai.

Langoni alikuwa Koplo Pembe.

"Afande, mume wangu amefungwa mpaka lini?"

"Jiwe si hilo hapo? Soma."

"Sijui kusoma hizi. Nisomee wewe."

Koplo Pembe akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Dada'angu, hilo neno 'sijui' usilitamke karibu na mimi. Mimi nina watoto. Kusoma nasoma, tena vizuri sana. Ila mimi ni msomaji wa daraja la tano. Siwezi kusoma kabla ya mkubwa wangu, itakuwa utovu wa nidhamu."

Mkubwa wake akaitwa. Alikuwa Mkuu wa Gereza, Afande Chambulikasi, msomaji wa daraja la pili. Tumbo lake lilifika kwanza, yeye akafuata. Nyuma ya gereza lile alikuwa na shamba la mihogo, nyasi haikuota mle hata ya dawa, maana wafungwa walilima tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Hakusogea kulitazama jiwe. Alisimama palepale kivulini.

"Maisha," akasema.

Mashavu akatazama mistari iliyojaa jiwe kutoka juu mpaka chini. "Yote hayo ni 'maisha' tu, Afande?"

"Maisha ni marefu, mama."

Mashavu hakulia. Alikuwa akimtazama macho. Mtu akisoma, macho yake hutembea. Ya Afande yalikuwa yamesimama, yameelekea kwenye sufuria ya wali aliyoibeba Mashavu.

*

Akaenda wizarani. Aliketi kwenye benchi mpaka benchi likamzoea. Alipoingizwa, Dokta Magimbi alikuwa ameketi nyuma ya meza pana kiasi kwamba salamu ilipunguza sauti kabla ya kumfikia.

"Mheshimiwa, nimekuja kupinga usomaji wa Mkuu wa Gereza."

"Una cheti cha kusoma herufi za taifa?"

"Sina."

"Basi malalamiko yako hayajasomeka," Dokta akasema kwa huruma. "Dada yangu, elimu ni bahari. Huwezi kupinga usomaji wa msomaji kama wewe mwenyewe si msomaji. Nenda kasome, uje upinge. Serikali haizuii mtu."

Ndiyo maana Mashavu akaingia Chuo cha Herufi.

Darasani aliketi karibu na Bi Salmini, muuza viungo, ambaye mumewe naye alikuwa na jiwe pale langoni. Kosa la mumewe lilikuwa kupiga chafya wakati wa kuchomwa. Bi Salmini alikuwa na mdomo usiojua mlango.

"Shoga, umeelewa?" alimnong'oneza Mashavu siku ya kwanza.

"Bado."

"Shh! Tikisa kichwa. Huoni wenzako?"

Na kweli, ndiyo ilikuwa elimu yenyewe. Mwalimu alitundika kitambaa chenye herufi, akakigusa kwa fimbo, akatikisa kichwa polepole. Darasa likatikisa polepole. Akagusa nyingine, akatikisa haraka. Darasa likatikisa haraka. Mwanafunzi mmoja aliomba ile ya kuku irudiwe. Hakuonekana tena, ila lango la gereza liliongezewa jiwe.

Mashavu alitikisa kichwa kama wenzake, huku macho yake yakifanya kazi nyingine. Siku moja aliona herufi yenye midomo inacheka. Siku iliyofuata ikawa imenuna. Akadhani ni macho yake. Baadaye ikacheka tena, kisha ikanuna. Ndipo akaelewa kwamba mwalimu, kila asubuhi, hukitundika kitambaa kwa upande wowote mkono wake utakaoshika. Kikiwa chini juu au juu chini, yeye hugusa na kutikisa, na darasa zima hutikisa naye. Wala hakuna aliyewahi kupepesa jicho.

Mashavu aliliweka jambo hilo kama mtu awekavyo mbegu.

Mtihani ulikuwa wa kusoma jiwe mbele ya watahini. Sheria ya mtihani ilikuwa kali: mtahini anayemfelisha mtu lazima aandike jibu sahihi na kutia sahihi yake. Kwa sababu hiyo hakuna aliyefeli tangu chuo kifunguliwe, na serikali ilijivunia kiwango cha ufaulu.

Bi Salmini akasimama mbele ya jiwe, akakosa la kusema, akasema alilokuwa nalo.

"Chukua nazi mbili," akasoma, "zikune vizuri, tui zito liweke kando. Twanga iliki, mdalasini na tangawizi mbichi. Kitunguu kikaange mpaka kiwe na rangi ya dhahabu..."

Watahini wakasikiliza wakimeza mate. Walipohakikisha hakuna mwenzao anayepinga, wakampa alama za juu kabisa. Mmoja alimfuata nje kumwuliza kama jiwe lilisema chumvi itiwe lini.

*

Mashavu akarudi gerezani na cheti. Afande Chambulikasi alikishika, akakigeuza, akakirudisha.

"Hongera. Daraja la nne. Sasa sikiliza, mama: daraja la nne halipingi daraja la pili. Nimesoma maisha, ni maisha. Anayeweza kunisahihisha mimi ni Mtukufu peke yake, na Siku ya Herufi imekaribia. Nitalisoma mbele yake. Akisema 'Imesomeka', basi tena. Hata malaika hatalifuta."

Hilo lilikuwa kweli. Kila Siku ya Herufi mawe ya wafungwa yalibebwa mpaka uwanjani, yakaoshwa kwa maziwa, Mtukufu akapita akiyagonga kwa mkongojo wake. Msomaji husoma, Mtukufu husema "Imesomeka", na jiwe likishasomeka halina rufaa duniani wala ahera.

Koplo Pembe alimruhusu kuonana na mumewe dirishani. Kiluwa alikuwa amekonda. Mikono yake, iliyozoea grisi, sasa ilikuwa na udongo wa mihogo.

"Mke wangu, usiende kusema kitu uwanjani," akamsihi. "Mimi niliuliza swali moja tu, tena na shikamoo juu yake. Nione nilivyo."

"Sitauliza," Mashavu akasema.

"Utafanya nini sasa?"

"Nitasifu."

Kiluwa akamtazama kama fundi anayetazama baiskeli isiyo na mnyororo na bado inakwenda.

*

Siku ya Herufi, maziwa yalikuja kwa matangi. Mwaka ule ng'ombe wa Ngurumbi walikuwa wamekauka, na wanawake wenye watoto wachanga walisimama nyuma ya kamba wakitazama mawe yakiogeshwa. Jiwe moja lilioshwa mara mbili kwa kuwa lilionekana limechoka.

Dokta Magimbi akahutubia.

"Ndugu wananchi! Zipo nchi zina barabara. Zipo nchi zina dawa hospitalini. Lakini niambieni, nchi gani ina herufi ambazo hakuna mgeni hata mmoja anayeweza kuzisoma? Maadui zetu wamezitazama kwa darubini wakashindwa! Ndugu zangu, siri za taifa letu ziko salama kuliko wakati wowote!"

Hapo alisema kweli tupu. Makofi yakalia.

Mtukufu akaanza kupita. Alikuwa amezeeka, na joto lilimsumbua chini ya joho. Msomaji husoma, mkongojo hugonga, "Imesomeka." Msomaji, mkongojo, "Imesomeka." Mashavu, aliyesimama mbele pamoja na wenye vyeti, alimtazama macho. Nayo yalikuwa yamesimama. Mtukufu alikuwa akitazama midomo ya msomaji, akingoja ifunge.

Wakafika kwenye jiwe la Kiluwa. Afande Chambulikasi akatanguliza tumbo.

"Maisha!"

Mkongojo ukainuka.

Kigelegele kikapasuka. Kilikuwa kirefu, cha harusini, na mkongojo ukabaki hewani. Mashavu akapiga magoti kwenye tope la maziwa.

"Ahsante, Mtukufu! Ahsante kwa herufi yako yenye midomo! Ulipoitoa chumbani kwako ilikuwa inacheka, sote tuliiona. Sasa nani ameinunisha?"

Dokta Magimbi akapaliwa na mate.

"Umesemaje, binti?" Mtukufu akauliza.

"Itazame mwenyewe, Baba. Imenuna. Jiwe la mume wangu limesimamishwa kichwa chini, miguu juu. Afande hakukosea, amesoma vizuri sana. Amesoma kichwa chini."

Mtukufu akaitazama herufi. Wapenzi wasomaji, mtu huyu alikuwa na kazi ngumu. Ya siku ile ya kujifungia chumbani alikuwa akiyakumbuka vizuri, lakini alichokumbuka ni biriani: zabibu zake, na kipande cha mbavu alichokiacha cha mwisho. Kama midomo ilicheka au ilinuna, hakukumbuka hata kidogo. Akisema jiwe liko sawa, ina maana ameliletea taifa herufi iliyonuna. Hilo halikubaliki.

"Herufi zangu hazinuni," akasema.

"Nililiona tangu mwanzo!" Dokta Magimbi akadakia. "Nilikuwa nasubiri wakati muafaka!"

Mawaziri wote wakainamisha vichwa ubavuni, na kila mmoja akathibitisha kwamba, ukiinama hivi, linasomeka vizuri zaidi. Afande Chambulikasi alijaribu kuinamisha chake, lakini shingo haikuwapo. Wafungwa wakaletwa, jiwe likageuzwa kwa mtaimbo, maziwa yakamwagika kwenye viatu vya Waziri wa Mifugo. Midomo ikacheka.

"Haya, lisome," Mtukufu akamwambia Mashavu.

Mashavu akalitazama kuanzia juu. Akayatembeza macho yake mstari kwa mstari, bila haraka, kama anayekagua mkeka, mpaka watu wakaanza kutoka jasho.

"Hadi leo," akasoma.

"Mistari yote hiyo 'hadi leo' tu?" Afande akafoka.

"Leo imekuwa ndefu, Afande."

Kuna mtu alicheka nyuma ya kamba. Mtukufu alikuwa na kiu. Mkongojo ukagonga.

"Imesomeka."

Kiluwa akatoka katika mstari wa wafungwa, akasimama kando ya mkewe, akafunga mdomo wake kwa mikono miwili asije akauliza kitu.

Mambo yangeishia hapo kama Bi Salmini hangekuwapo.

"Mtukufu!" akapiga kelele. "Na la mume wangu limenuna! Tena linanuna kuliko hilo!"

Likageuzwa. Bi Salmini akasoma: hadi leo, tena apewe nauli. Imesomeka. Nyuma yake mama, dada na wake wa wafungwa wengine wakapanga mstari, wote na vyeti vyao mkononi, maana chuo kilikuwa hakijawahi kumfelisha mtu. Hata mawe yaliyokwisha kugongwa yaligeuzwa, maana lililosomwa kichwa chini halijasomeka. Jua lilipofika utosini, gereza la Ngurumbi lilikuwa na panya tu.

*

Mnafikiri Mtukufu alikasirika? Hata. Alirudi nyumbani amefurahi kwamba herufi zake zinacheka. Taabu ilianza asubuhi yake.

Koplo Pembe alikuwa akipita mbele ya nyumba ya mkubwa wake, akaona jiwe la cheo limesimama bustanini. Akainamisha kichwa. Jiwe hili nalo limetoka karakana ileile. Mikono ileile ndiyo iliyolisimamisha. Akaita wenzake, wakaligeuza. Afande Chambulikasi akatoka na kikoi.

"Mnafanya nini kwenye jiwe langu, nyie mbwa?"

"Tunalisahihisha, Afande. Lilikuwa kichwa chini."

"Na linasemaje?"

Koplo Pembe alikuwa daraja la tano, na maisha yake yote hakuwahi kusoma kabla ya mkubwa wake. Alivuta pumzi.

"Maisha," akasoma.

Mchana Afande alikuwa kwenye shamba lake la mihogo, na jembe. Wanasema jua halikumpenda.

Dokta Magimbi, mtu mwenye akili, aliposikia habari hizo alikimbia kuligeuza jiwe lake mwenyewe kabla ya wengine kufika. Majirani walikuwa wakimtazama kupitia uani. Wakaja wakamwambia jiwe lake tangu zamani lilikuwa likicheka, ni yeye amelinunisha sasa hivi, kwa mikono yake, kweupe. Alijaribu kueleza. Alipoulizwa basi inaitwaje ile herufi, akasema hakumbuki vizuri. Hakuna kesi fupi zaidi iliyowahi kusikilizwa. Hakimu, ambaye jiwe lake bado lilikuwa linatazamwa na watu, hakunywa chai siku ile.

Ikabaki jiwe moja ambalo hakuna aliyeligusa. Lilikuwa mbele ya lango la ikulu, kubwa kuliko yote, nusu ya mlima. Ndilo lililosema kwamba Mtukufu atatawala milele. Au ndivyo Dokta Magimbi alivyolisoma, na Dokta Magimbi sasa alikuwa analima.

Kiluwa na Mashavu walipita pale kwa baiskeli, Mashavu amekaa nyuma na mkeka mpya mapajani. Kiluwa akafunga breki.

"Usiulize," Mashavu akamwonya.

"Siulizi," Kiluwa akasema. Akainamisha kichwa ubavuni, akatazama.

Muuza maji akasimama, akainamisha kichwa. Wanawake waliotoka sokoni wakashusha vikapu, wakainamisha vichwa. Bi Salmini akaja mbio asipitwe. Askari wa lango walitazama mbele kama walivyofundishwa, kisha mmoja wao akainama kidogo, na mwenzake akainama kidogo. Barabara nzima ikawa imepinda shingo.

Juu, pazia la ikulu likasogea. Mtukufu akawaona watu, akaona wanachokitazama. Akatoa kichwa dirishani, akakiinamisha upande mmoja, kisha upande wa pili, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya biriani, akajaribu kusoma.

Chini, mtu mmoja akaulizia kwa adabu nani mwenye mtaimbo.